Saa 12 kwenye mashine, saa 156 nyumbani: mgonjwa wa figo analindwa na nani?

Wadau, leo tupige hesabu kidogo. Wiki moja ina saa 168. Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kabisa, akawa anasafishwa damu mara 3 kwa wiki na kila mara saa 4, anakaa kwenye mashine saa 12 tu. Zinabaki saa 156. Hizo zote anazimalizia nyumbani, kazini, msikitini, kanisani, kwenye daladala au matatu. Huko hakuna daktari pembeni yake. Aliyeko pembeni ni wewe unayesoma hapa: mtoto wake, mdogo wake, mpwa wake, mkewe, au jirani anayemsindikiza kliniki.

Nimeamua kuandika hii manake mtaani kuna maneno mawili yanazunguka na yote mawili yanaua watu. La kwanza ni kwamba ukianza dialisisi ndo basi tena, kaburi limeshachimbwa. Matokeo yake mtu anakimbia hospitali, anarudishwa hoi na tumbo na mapafu yamejaa maji. La pili ni kwamba ukishapandikizwa figo mpya umepona, habari imeisha. Matokeo yake mtu anaacha dawa mwaka wa pili na figo inakufa.

Ukweli ni kwamba mashine na figo mpya vyote vinarefusha maisha, tena kwa miaka mingi, ila vyote vinakuja na matatizo yake. Mengi ya matatizo hayo yanajulikana, yanatoa dalili mapema na yanazuilika. Tatizo ni kwamba dalili zinatokea ndani ya zile saa 156, mbele ya watu ambao hakuna aliyewaambia waangalie nini. Kwa hiyo leo tuambiane. Angalizo moja tu: vipimo na viwango vya kila mgonjwa anavipanga daktari wake, hapa tunaelezana kinachoendelea ili usipitwe na hatari ukiwa unaitazama.

MASHINE INAFANYA NINI, NA HAIFANYI NINI

Figo mbili za mtu mzima zinachuja kama lita 180 za majimaji kwa siku, zinarudisha karibu yote mwilini na kutoa lita 1 au 2 hivi za mkojo. Zinafanya kazi hiyo usiku na mchana bila mapumziko. Pamoja na kutoa taka, zinapima chumvi, potasiamu na maji, zinasaidia kutawala presha, zinatoa homoni inayouambia mwili utengeneze damu, na zinaiamsha vitamini D ili mifupa iwe imara.

Mashine inachofanya ni kutoa damu kidogo kidogo, kuipitisha kwenye chujio, kuvuta taka na maji ya ziada, kisha kuirudisha. Ni kazi kubwa, lakini inafanyika kwa mkupuo. Kazi ya siku 2 au 3 inafanywa kwa saa 4. Na homoni ya damu haitengenezi, vitamini D haiamshi. Ukishaelewa hapo, matatizo yote yanayofuata yanaeleweka yenyewe.

MAJI NA CHUMVI

Wagonjwa wengi wa dialisisi wanakojoa kidogo sana au hawakojoi kabisa. Maana yake kila wanachokunywa kinabaki ndani. Lita 1 ya maji ni kilo 1 kwenye mizani. Ndo maana kila mgonjwa ana kile kinachoitwa uzito mkavu, yaani uzito wake akiwa hana maji ya ziada.

Tuchukue mfano. Mama ana uzito mkavu wa kilo 60. Anakuja Jumatatu akiwa na kilo 64.5. Inabidi zivutwe lita 4.5. Wataalamu wengi hawapendi kuvuta zaidi ya mililita 13 kwa kila kilo ya mwili kwa saa, kwa sababu moyo unaumia. Kwa mama huyu hiyo ni mililita 780 kwa saa, sawa na lita 3.1 hivi kwa saa 4. Sasa nesi afanyeje? Akivuta zote, presha inaanguka, misuli ya miguu inakaza hadi mgonjwa analia, kichwa kinazunguka, wengine wanazimia. Akiziacha, mama anarudi nyumbani na lita zaidi ya 1 ya ziada ndani yake, na usiku akilala chali anakosa pumzi. Njia nyingine ni kuongeza muda wa kikao, lakini mashine ina foleni.

Unaona tatizo lilipoanzia? Halikuanzia hospitali. Lilianzia Ijumaa mchana kwenye sahani. Nasema sahani kwa makusudi, maana chumvi ndiyo inayoleta kiu. Kumwambia mtu "usinywe maji" huku umemwekea dagaa wa chumvi, chipsi zilizonyunyiziwa chumvi na mchuzi wa kiungo cha paketi ni kumtesa bure. Shirika la Afya Duniani linamshauri hata mtu mzima mwenye afya asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa na ile iliyomo ndani ya mkate na vyakula vya dukani. Pika bila chumvi nyingi, tia ndimu, kitunguu swaumu, tangawizi, pilipili. Kiu itapungua yenyewe.

Halafu kumbuka maji sio yale ya kwenye glasi tu. Uji ni maji, chai ni maji, supu, mtindi, barafu, tikiti, vyote vinahesabiwa. Wengi wanapangiwa nusu lita kwa siku kuongeza kiasi cha mkojo wanaoutoa. Mbinu nzuri ni kujaza chupa moja asubuhi kwa kipimo alichopewa, na kila anapokunywa kitu kingine unamwaga kiasi hicho hicho kutoka kwenye chupa. Chupa ikiisha, siku imeisha. Tumia kikombe kidogo, na kwa kiu ya ghafla asukutue mdomo ateme.

Vidonge vya presha navyo viulizieni. Kuna wagonjwa ambao daktari anawaambia wasinywe dozi ya asubuhi siku ya kikao ili presha isianguke, na kuna ambao wanatakiwa wanywe. Usiamue mwenyewe, uliza.

POTASIAMU: MUUAJI ASIYEPIGA HODI

Maji yanatoa taarifa: miguu inavimba, pumzi inakuwa fupi. Potasiamu mara nyingi haisemi kitu. Kiwango cha kawaida kwenye damu ni 3.5 hadi 5. Kikipita 6.5 moyo unaweza kupoteza mapigo yake na kusimama ghafla. Wengine wanahisi miguu haina nguvu, ganzi, au moyo kurukaruka. Wengine hawahisi chochote.

Na sisi watu wa huku chakula chetu kimejaa potasiamu: ndizi, viazi, mihogo, maharage, mchicha, kisamvu, nyanya hasa ile ya kopo, parachichi, tende, machungwa, ukwaju. Wagonjwa wengi wanapangiwa kati ya miligramu 2,000 na 3,000 kwa siku. Dafu moja lenye nusu lita ya maji linaweza kupita miligramu 1,000 peke yake! Halafu ndo kinywaji ambacho kila shangazi anakileta akisikia mtu anaumwa figo, eti "linasafisha". Kwa figo zilizokufa dafu halisafishi kitu. Mpokee shangazi kwa heshima, mshukuru, dafu kanywe wewe.

Vyakula hivi sio kwamba vimeharamishwa maisha yote. Menya viazi, ndizi za kupika au mihogo, kata vipande vidogo, chemsha kwenye maji mengi, mwaga maji hayo, weka mapya umalizie. Sehemu kubwa ya potasiamu inaondoka na maji yaliyomwagwa. Kwa hiyo usimpe mchuzi wa maji hayo. Na ile chumvi mbadala inayouzwa supamaketi kwa watu wa presha, soma pakiti. Nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu yenyewe.

Kuna tunda moja la kuogopa kabisa: lile la manjano ambalo ukilikata linatoa umbo la nyota. Lina sumu ambayo figo nzima huitoa bila shida, lakini kwa mgonjwa wa figo inapanda kichwani. Inaanza na kwikwi isiyokatika, inafuata kuchanganyikiwa, degedege, hata kifo. Ndugu yake ni mbilimbi, ile tunayotia kwenye achari pwani. Ina oksaleti nyingi, na huko Kerala, India, juisi yake nzito iliwahi kuharibu figo za watu waliokuwa wazima. Mgonjwa wa figo akae nayo mbali.

Jambo jingine ni mwanya wa siku 2. Mtu anayesafishwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, anakaa Jumamosi na Jumapili nzima bila mashine. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 32,000, ukaonyesha kwamba vifo na kulazwa vinaongezeka siku inayofuata baada ya ule mwanya mrefu. Sasa fikiria wikiendi ndo kuna harusi, kuna pilau, kuna soda. Na fikiria mtu akikosa kikao cha Jumatatu kwa sababu nauli haikupatikana. Mwanya wa siku 2 unakuwa wa siku 4. Kama kuna hela ya kuchangishana kwenye familia, nauli ya Jumatatu iwe ya kwanza kabisa.

Ikitokea kikao kimekosekana na mgonjwa anahisi miguu imekufa nguvu au moyo unaenda ovyo, hiyo ni dharura, hata kama ni saa 8 usiku. Hospitali wanapima moyo kwa mashine, wanampa kalisiamu ya kuulinda moyo, wanampa insulini pamoja na glukosi ili kuisukuma potasiamu iingie ndani ya seli kwa muda, kisha dialisisi. Nyumbani hakuna dawa ya kufanya hayo.

UHAI UKO MKONONI

Damu lazima iwe na mlango wa kutokea na kuingilia. Mlango bora ni fistula ya mkononi, ambapo daktari wa upasuaji anaunganisha mshipa unaotoka moyoni na ule unaorudi. (Usichanganye na fistula ya uzazi, jina ni moja ila mambo ni mawili tofauti.) Mbinu hii ilichapishwa mwaka 1966 huko New York na mpaka leo haijapata mpinzani. Inahitaji wiki kadhaa, mara nyingi miezi, kukomaa kabla ya kuchomwa sindano. Ndo maana wanaochelewa kufika hospitali wanaanza na mpira wa shingoni.

Fistula nzima inatetema. Weka vidole juu yake utahisi kama paka anayekoroma. Mgonjwa aishike kila asubuhi kabla hajatoka kitandani, na kama yeye haoni vizuri, mshikie. Siku ukikuta kimya, damu imeganda. Nenda hospitali siku ile ile, manake ndani ya saa chache za mwanzo inaweza kuokolewa. Ukisubiri kikao cha keshokutwa, umeshaipoteza.

Mkono huo haupimwi presha, hautolewi damu ya vipimo, hauvalishwi saa inayobana, haubebi ndoo, na haulaliwi. Kuna manesi wa zahanati wasioujua, usione aibu kusema "dada samahani, tumia mkono mwingine". Ikitokea inavuja damu nyumbani, bonyeza kwa kidole palepale panapotoka, inua mkono juu, usiachie kuchungulia kila dakika, na mtu mwingine atafute usafiri.

Mpira wa shingoni au kifuani ni habari nyingine. Unaingia moja kwa moja kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo, kwa hiyo mdudu akipita hapo anafika kwenye damu yote. Usilowe maji, bandeji ibadilishwe kwenye kitengo cha dialisisi, na watu wengine wasiufungue kumwekea dripu.

Hapa naomba msome taratibu. Mgonjwa mwenye mpira akipata homa na kutetemeka, sisi wa huku akili inaenda malaria moja kwa moja. Tunanunua dawa ya mseto dukani, tunamfunika blanketi. Siku 2 baadaye ameshalewa na maambukizi ya damu. Malaria apimwe, sawa, hata yeye anaumwa na mbu. Lakini apimwe hospitali, pamoja na kuoteshwa damu kutafuta bakteria, na antibayotiki zianze mapema. Homa kwa mtu mwenye mpira ni ya mpira mpaka vipimo viseme vingine.

Wale wachache wanaosafishwa kwa njia ya tumbo wana alama yao: maji yanayotoka tumboni yakiwa na ukungu kama maji ya mchele, na tumbo linauma, hayo ni maambukizi. Siku ile ile hospitali, na mfuko wa maji hayo ubebwe ukaonyeshwe.

MENGINE YANAYOKUJA POLEPOLE

Upungufu wa damu: kwa sababu figo hazitoi tena ile homoni, mgonjwa anachoka, anahema ngazi mbili tu. Kuna sindano ya homoni hiyo, pamoja na madini ya chuma. Rozela haiwezi kuziba pengo hilo. Na kuongezewa damu mara kwa mara kuna gharama iliyojificha: mwili unaweza kutengeneza kinga dhidi ya tishu za watu wengine, na kesho akitafuta figo ya kupandikizwa inakuwa shida kupata inayolingana naye. Anayesubiri figo aulizie hilo kabla ya kila chupa, isipokuwa maisha yawe hatarini.

Muwasho na mifupa: fosforasi ikijaa kwenye damu, ngozi inawasha, mifupa inanyonywa na mishipa ya damu inakuwa migumu. Fosforasi iko kwenye dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, soda nyeusi, soseji. Dawa za kuizuia zinafanya kazi zikiliwa pamoja na chakula. Akizinywa saa 2 baada ya kula ni kama hajanywa.

Kisukari "kilichopona": hii inawadanganya wengi. Mzee alikuwa na kisukari, figo zimekufa, ghafla sukari inashuka hadi familia inashangilia. Kumbe figo zilikuwa zinasaidia kuondoa insulini mwilini, sasa dozi ile ile inakaa muda mrefu na inamzidi nguvu. Anaweza kuzimia usingizini. Dozi iangaliwe upya na daktari. Na akishukiwa sukari, mpe glukosi au maji kidogo yenye sukari, sio juisi ya machungwa, ile ina potasiamu.

Dawa za dukani: diklofenaki na ibuprofeni zinamalizia kile kidogo cha figo kilichobaki, na hata mililita 300 za mkojo kwa siku ni mali kwa mtu huyu. Dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini nazo zinalundikana. Kila mnapoenda duka la dawa, sentensi ya kwanza iwe "mgonjwa wetu yuko kwenye dialisisi".

NA ZILE SAA 12?

Hospitali nayo ina sehemu yake. Kikao kimoja kinatumia zaidi ya lita 100 za maji yaliyosafishwa kwa mitambo maalumu, na maji hayo yanapakana na damu kwa utando mwembamba tu. Mwaka 1996 huko Caruaru, Brazil, maji yaliyokuwa na sumu ya mwani yaliingia kwenye mashine za kituo kimoja na zaidi ya wagonjwa 50 walifariki. Kwa hiyo una haki ya kuuliza maji yanapimwa lini, na kama wenye homa ya ini aina ya B wana mashine yao peke yao. Ulizia pia chanjo ya homa hiyo ya ini. Wagonjwa wa dialisisi wanapewa dozi kubwa kuliko watu wengine.

FIGO MPYA SIO MWISHO WA SAFARI

Tarehe 23 Desemba 1954 huko Boston, Marekani, daktari Joseph Murray na wenzake walitoa figo ya Ronald Herrick wakampandikiza pacha wake Richard. Mwili wa Richard haukuikataa kwa sababu walikuwa mapacha wa kufanana kabisa. Aliishi miaka 8 zaidi, na Murray alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Kwa sisi wengine ambao hatuna pacha, figo ya ndugu ni mgeni, na askari wa mwili wanamtaka atoke. Dawa za kuwatuliza askari hao ndizo zimewezesha upandikizaji kuwa jambo la kawaida. Kenya ilianza mwaka 1978. Tanzania, baada ya miaka mingi ya kupeleka watu India, ilianza Muhimbili Novemba 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma ikafuata mwaka 2018.

Figo mpya inawekwa chini ya tumbo upande mmoja, za zamani kwa kawaida zinaachwa. Mgonjwa anakojoa, anakunywa maji, anakula ndizi, anang'ara. Hapo ndo mtego ulipo! Anajisikia mzima, na askari wa mwili wapo pale pale wanasubiri.

Dawa kama takrolimasi au saiklosporini zinanywewa mara nyingi kila baada ya saa 12, pamoja na maikofenoleti na prednisoloni. Kiwango kikishuka, mwili unaikataa figo. Kikipanda, dawa hiyo hiyo inaisumbua figo, mikono inatetemeka, sukari na presha zinapanda. Ndo maana damu inapimwa kabla ya dozi ya asubuhi. Akinywa kidonge kwanza halafu akatolewa damu, jibu linadanganya. Wekeni kengele ya simu mara 2 kwa siku. Dozi ikisahaulika, usinyweshe 2 kwa pamoja, piga simu kliniki. Na dawa zikibaki za wiki 2, anza kutafuta, usisubiri ziishe. Duka likikupa za kampuni nyingine, mwambie daktari kabla ya kubadili.

Sasa sikia vitu vinavyovuruga kiwango hicho. Balungi na danzi vinakipandisha. Erithromaisini, klarithromaisini na flukonazoli, ambazo watu wanauziwa dukani kwa kifua na fangasi, zinakipandisha pia. Rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, inakishusha vibaya sana. Na kifua kikuu huku kwetu kipo, na kinampenda mtu mwenye kinga iliyotulizwa. Anaweza kutibiwa na figo ikabaki, lakini daktari wa kifua na daktari wa figo lazima wazungumze. Wakati mwingine wanatumia rifabutini badala yake au wanapandisha dozi wakipima mara kwa mara. Mkimficha mmoja wao, figo inaondoka. Mitishamba ndo usiseme, hakuna anayejua kilichomo kwenye chupa.

Kukataliwa kwa figo mara nyingi hakuumi. Alama ni mkojo kupungua, uzito kupanda ghafla, miguu kuvimba, presha kupanda, maumivu mahali figo ilipo, homa. Lakini mara nyingi ya kwanza kuonekana ni kreatinini kupanda kwenye karatasi ya vipimo. Ndo maana kuruka kliniki "kwa sababu najisikia poa" ni hatari. Ikigunduliwa mapema kuna matibabu makali yanayoweza kuirudisha.

Miezi 6 ya mwanzo ndo maambukizi yanashambulia zaidi, kwa hiyo wanapewa Septrini na dawa nyingine za kinga. Homa ya nyuzi 38 kwa mtu huyu ni safari ya hospitali, sio ya duka la dawa. Chanjo zenye virusi hai haziruhusiwi, mojawapo ni ya homa ya manjano, ile ya kwenye kitabu cha njano cha wasafiri. Badala yake anapewa barua ya daktari. Na dada zetu: maikofenoleti inaharibu mtoto tumboni. Ujauzito unawezekana, wengi wamezaa salama, ila unapangwa, kwa kawaida baada ya mwaka 1 au zaidi, dawa zikiwa zimebadilishwa kwanza.

Msimsahau aliyetoa figo. Anabaki na moja na ataishi nayo vizuri, lakini apimwe presha, mkojo na kreatinini kila mwaka. Mara nyingi familia yote inamshangilia aliyepokea, aliyetoa hata nauli ya kliniki hapewi. Na wale vijana wanaoahidiwa mamilioni kwenye mitandao wauze figo, fungueni macho. Azimio la Istanbul la mwaka 2008 liliulaani ulanguzi huo. Mnunuzi akishaondoka, wewe ndo unabaki na kovu, na huna kliniki ya kurudi.

DAFTARI LA SHILINGI CHACHE

Kama umesoma mpaka hapa, nunua daftari dogo leo. Kila asubuhi andika uzito, presha, kama fistula inatetema, joto la mwili, na dawa alizokunywa. Ukurasa wa kwanza andika uzito mkavu, majina ya dawa na dozi, aina ya damu, na namba ya kitengo chake. Siku ukimkimbiza usiku kwenye hospitali isiyomjua, daktari wa zamu atapata kwa dakika 1 kile ambacho angekitafuta saa nzima.

Na bandikeni ukutani haya ya kwenda hospitali bila kusubiri: kukosa pumzi akilala; udhaifu wa ghafla au moyo kurukaruka; fistula kunyamaza au kuvuja damu; homa na kutetemeka; kuchanganyikiwa au degedege; na kwa aliyepandikizwa, mkojo kupungua au kutapika dawa.

Jambo la mwisho. Mgonjwa wa hivi anachoka rohoni. Siku moja atakwambia "mwanangu, leo siendi, niacheni". Usimgombeze. Kaa naye, uliza kinachomchosha: ni sindano, ni presha kuanguka, ni kuona anawamalizia hela? Vingi kati ya hivyo vina ufumbuzi ukivifikisha kwa daktari au ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Kikao kimoja alichosusa kwa sababu hakuna aliyemuuliza kinaweza kuwa cha mwisho.

Wadau mnaouguza, mnaosafishwa, mliotoa au mliopokea figo, na manesi wetu wa dialisisi mnaopita humu, karibuni kwenye maoni. Mnapikaje bila chumvi? Nauli mnaipangaje? Ushauri wako unaweza kumfaa mtu aliyepewa majibu ya vipimo leo asubuhi na hajui aanzie wapi.

Naomba kuwasilisha.